Diwani mpya Mwanza: namna ya kuingiza maendeleo kwenye mpango na kumpima Mkurugenzi

Kila Baraza jipya la Madiwani likiapishwa, maswali ni yale yale. Diwani wa kata ya mlimani anauliza kwa nini barabara aliyoiahidi kwenye kampeni haimo kwenye bajeti. Wa kata ya sokoni anauliza Mkurugenzi anaondolewaje. Mwingine kapewa kabrasha nene siku mbili kabla ya kikao na hajui aanzie wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa mkazi yeyote anayetaka kujua amdai nini diwani wake. Mifano mingi ni ya Jiji la Mwanza, lakini Manispaa ya Ilemela, iliyomegwa kutoka Jiji mwaka 2012, inaongozwa na sheria hiyo hiyo.

Jambo moja lishike tangu sasa: kupanga na kupima ni kazi moja. Mkurugenzi unampima kwa kile Baraza lilichoazimia kwa maandishi, chenye kiasi, tarehe na chanzo cha fedha. Kama Baraza liliazimia tu kwamba "usafi uboreshwe", mwezi Juni hutakuwa na cha kumuuliza, naye atakujibu kwamba umeboreshwa.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kanuni za Kudumu za halmashauri yako. Hizi ndizo zinazosema nani aongee lini, swali liwasilishwe siku ngapi kabla, na hoja ipitishwe vipi. Ziombe ofisi ya Mkurugenzi, ni haki yako.
- Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Zote zilitungwa mwaka 1982 na zimerekebishwa mara nyingi, kwa hiyo usitumie nakala ya zamani uliyorithi kwa diwani aliyekutangulia.
- Mpango Mkakati wa halmashauri, bajeti ya mwaka unaoendelea, na Mpango Kabambe wa Jiji wa 2015 hadi 2035.
- Mihtasari ya vikao vya Baraza vya mwaka mzima uliopita.
- Taarifa ya mwisho ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu halmashauri yako, pamoja na majibu ya hoja.
- Kaunta buku moja, ya kazi hii tu.

1. Jua kipi ni cha Baraza na kipi si chake

Hapa ndipo madiwani wengi wanapoumia. Mkazi wa Mabatini hajali barabara ni ya nani, anataka ipitike. Lakini wewe ukikosea hapa utapoteza miaka mitano ukigonga mlango usio wako.

Barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwezi Julai 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni MWAUWASA, umeme ni TANESCO. Daraja la Kigongo–Busisi, reli ya kisasa na meli ni miradi ya Serikali Kuu. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Baraza linabaki na majengo ya shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, taka, mipango miji, leseni na ushuru wake, na mikopo ya vikundi. Ni kazi kubwa ya kutosha.

Hii haina maana unyamaze kuhusu barabara. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kuandika vipaumbele vyake na kuvipeleka TARURA, na meneja wa TARURA anapokuja kutoa taarifa, mbane hapo kwa jina la barabara na urefu wake. Halmashauri pia inaweza kuchangia kutoka mapato ya ndani. Ila usimpe Mkurugenzi sifuri kwa kazi ambayo si yake, maana siku utakapompa sifuri anayoistahili, hakuna atakayekusikiliza.

Kuhusu Mkurugenzi mwenyewe: anateuliwa na Rais. Ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa Baraza, lakini hapigi kura. Nalisema wazi kwa sababu wengi wanasoma mambo ya Marekani, ambako miji mingi ina baraza linalomwajiri meneja wake na kumfukuza likimchoka. Dayton, Ohio, ulianza utaratibu huo mwaka 1914. Hapa kwetu Baraza halimwajiri wala halimfukuzi. Nguvu yenu iko kwenye kupitisha mpango na bajeti, kudai taarifa, na kuandika maazimio yanayofika kwa waliomteua.

2. Anzia mtaani, na urudi na karatasi

Septemba na Oktoba ndiyo miezi yako. Mikutano ya mitaa ifanyike, wenyeviti na watendaji wa mitaa waandike vipaumbele, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ivichuje. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, na Mtendaji wa Kata ni katibu. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unataka wananchi waseme wana nini tayari kabla ya kusema wanakosa nini, na unasaidia kweli: mtaa wenye eneo la shule lililopimwa au boma lililofika kwenye lenta una hoja nzito kuliko mtaa wenye malalamiko matupu.

Usiondoke kwenye kikao cha kata na orodha ya mambo ishirini. Ondoka na matatu, kwa mpangilio wa kwanza, pili, tatu, na muhtasari uliosainiwa. Ukipeleka ishirini, wataalamu watakuchagulia wao.

3. Geuza kilio kiwe azimio lenye namba

Tuchukue mfano wa kata inayopitiwa na Mto Mirongo. Wananchi wanasema: "Taka zinatuua, mvua ikinyesha zinaziba mtaro, maji yanaingia ndani." Kilio cha kweli. Azimio la kawaida linaandikwa hivi:

"Baraza linaagiza usafi wa mazingira uboreshwe katika kata zilizo kando ya Mto Mirongo."

Sasa liandikwe hivi:

"Baraza linaagiza kwamba kufikia tarehe 30 Septemba halmashauri iwe imeweka vizimba vinne vya taka katika mitaa iliyotajwa kwenye kiambatisho, taka ziondolewe mara tatu kwa wiki kwenda dampo la Buhongwa, gharama itoke kwenye mapato ya ndani, kifungu cha usafi, na taarifa ya safari za magari iletwe kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kila robo mwaka."

Angalia kilichomo: kiasi, mahali, tarehe, chanzo cha fedha, na nani apelekewe taarifa. Hilo la pili linaweza kupimwa na mtu yeyote, hata mama lishe wa pale mtaani atakuambia gari limekuja mara ngapi. Kabla ya kulipeleka, kaa na Afisa Mipango na mkuu wa kitengo cha usafi mhesabu kama magari yaliyopo yanamudu. Azimio lisilotekelezeka linampa Mkurugenzi kisingizio cha kuyapuuza na mengine.

4. Ingia kwenye bajeti kabla mlango haujafungwa

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa bajeti wa Serikali na ukomo wa fedha hutoka kabla mwaka wa kalenda haujageuka. Wataalamu wanajaza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kamati zinapitia, Baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka, kisha inapita Mkoani na OR-TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa) hadi bungeni. Diwani anayeibuka mwezi Aprili akidai zahanati ameshachelewa mwaka mzima.

Mradi usioingizwa kwenye PlanRep hauna kasma, yaani kifungu chake cha fedha kwenye bajeti. Usipokuwa na kasma, hakuna malipo yatakayopita kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, hata Meya aahidi mbele ya umati. Kwa hiyo usiridhike na "tumelipokea, Mheshimiwa." Omba uonyeshwe mstari wa mradi wako kwenye rasimu: jina, kata, kiasi, chanzo. Uandike kwenye kaunta buku kama ulivyo.

*Tahadhari.* Bajeti ya mapato ikipandishwa juu ili miradi yote ienee kwenye karatasi, mnajidanganya. Linganisha makadirio ya chanzo kimoja kimoja na kilichokusanywa mwaka uliopita. Kama ushuru wa soko ulikusanywa nusu ya lengo na mwaka huu lengo limepanda tena, uliza nini kimebadilika sokoni. Mapato yasipofika, miradi ya pembezoni, Kishili au Lwanhima, iko hatarini kukatwa kabla ya posho za vikao.

5. Soma kabrasha kwa mpangilio huu

Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na yatokanayo: maazimio ya kikao kilichopita na hatua iliyofikiwa. Kila palipoandikwa "utekelezaji unaendelea" weka alama, kisha tazama kama maneno hayo hayo yalikuwamo robo iliyopita. Halafu nenda kwenye mapato na matumizi. Mwisho, jedwali la miradi.

Kwenye jedwali hilo kuna mtego mmoja ambao kila diwani mpya anauingia. Tuseme kuna mradi wa matundu ya vyoo vya shule, safu zake zinasomeka hivi: bajeti shilingi milioni 80, zilizopokelewa milioni 20, zilizotumika milioni 20, utekelezaji asilimia 100. Ukiisoma haraka unapiga makofi. Ukiangalia vizuri, asilimia 100 hiyo ni ya fedha zilizopokelewa. Ukipima kwa bajeti mliyopitisha, ni robo tu. Na asilimia ya fedha bado haijakuambia kazi imefika wapi: milioni 20 zinaweza kuwa zimechimba mashimo na kuishia hapo. Kwa hiyo kila mradi upige hesabu mbili: fedha zilizotumika kwa bajeti iliyoidhinishwa, na kazi iliyoonekana kwa kazi iliyokusudiwa. Hesabu hizo zikitofautiana sana, swali lako la kikao umeshalipata.

Tazama pia makusanyo ya mashine za POS na tarehe fedha zilipopelekwa benki. Pengo la siku nyingi kati ya kukusanya na kupeleka benki ndiko fedha mbichi zinakotumika, na hoja ya aina hii hujirudia kwenye taarifa za CAG za halmashauri nyingi.

6. Uliza kwa maandishi

Swali la mdomo linajibiwa kwa mdomo na linapotea. Liandike, liwasilishe ndani ya muda wa Kanuni za Kudumu, na ulielekeze kwenye namba: "Mheshimiwa Mstahiki Meya, azimio letu la robo ya pili lilitaka vizimba vinne. Vimejengwa vingapi, wapi, na kwa shilingi ngapi?" Hapo hakuna pa kukwepea. Ukipewa jibu, hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari jinsi lilivyotolewa.

Usimvunjie heshima mtaalamu mbele ya watu. Mkuu wa idara aliyeaibishwa kikaoni hatakupigia simu kukuonya mradi wako unapohamishwa kifungu.

7. Nenda ukaone

Kamati ya Fedha na Uongozi hutembelea miradi kila robo mwaka. Nenda na jedwali mkononi, na makadirio ya mhandisi kama umeyapata. Hesabu madarasa, gusa plasta, fungua bomba, ingia chooni. Muulize mwalimu mkuu au mganga mfawidhi jengo limeanza kutumika lini. Zahanati iliyokamilika isiyo na mtumishi wala vitanda iandike kwenye kaunta buku kama haijakamilika.

*Onyo.* Usimpendekeze fundi, usimtetee mzabuni, usiulize zabuni imefikia wapi kwa niaba ya mtu. Zabuni zina bodi yake na mfumo wake wa NeST, na diwani hana kiti humo. Kama una maslahi kwenye jambo, litangaze na utoke. Diwani aliyekula na mkandarasi hawezi kumhoji Mkurugenzi, na wote wawili wanalijua hilo.

8. Mpime kwa karatasi moja

Tathmini rasmi ya kiutumishi ya Mkurugenzi inafanywa na ngazi za juu yake, wala huhitaji kuiingilia. Tathmini ya Baraza ni nyingine: je, tuliyoyaazimia yamefanyika? Tengeneza karatasi moja kwa mwaka, na kila robo uijaze. Mimi ningeweka mambo haya:

a) *Maazimio.* Mangapi yalipitishwa, mangapi yametekelezwa kwa tarehe, mangapi yanajirudia kwenye yatokanayo. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na kama una muda wa kipimo kimoja tu, basi kiwe hiki.

b) *Mapato ya ndani.* Lengo, kilichokusanywa, na chanzo kilichoshuka zaidi. Mkurugenzi anayeeleza sababu mapema, kabla hajaulizwa, mpe alama yake.

c) *Fedha za maendeleo kutoka mapato ya ndani.* Mwongozo wa bajeti hutaja asilimia. Je, imepelekwa kwenye miradi kila mwezi, au inasubiriwa Juni ndipo ihamishwe kwa pupa?

d) *Mikopo ya asilimia 10.* Sheria inataka asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, kwa hiyo uangalifu unahitajika zaidi. Uliza mambo matatu: kiasi kilichotengwa, vikundi vilivyopata kwa kila kata, na marejesho. Kisha nenda ukavione hivyo vikundi. Kikundi cha akina mama wachuuzi wa dagaa chenye mkopo kitakuwa na mahali, mzigo na daftari.

e) *Hoja za ukaguzi.* Ngapi zimefungwa, ngapi za miaka ya nyuma bado ziko wazi. Hapa kuna kosa kubwa la kuelewa: hati inayoridhisha ya CAG inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba soko lilijengwa vizuri au kwamba fedha zilitumika kwa busara. Halmashauri inaweza kuwa na hati hiyo na bado ina maboma yaliyoota nyasi. Ipongeze, kisha endelea na orodha ya hoja.

f) *Watu.* Wananchi wanahudumiwaje pale ofisini? Kibali cha ujenzi kinachukua muda gani? Machinga wanapohamishwa, wanapewa taarifa na eneo kabla, au wanaamshwa na mgambo?

Kila kipengele kiwe na ushahidi pembeni: namba ya muhtasari, ukurasa wa kabrasha, picha ya mradi. Palipo pazuri andika pazuri. Karatasi yenye lawama tupu inasomeka kama chuki, na Mkurugenzi anayefanya kazi vizuri anastahili Baraza lisilomchanganya na mzembe.

9. Ipitishe mahali pake

Usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp. Zungumza kwanza na madiwani wenzako na Meya. Ipelekeni Kamati ya Fedha na Uongozi, mumpe Mkurugenzi nafasi ya kujibu kwa maandishi, halafu iingie Barazani. Jambo likimgusa mtumishi binafsi, Baraza linaweza kukaa kama kamati, bila wageni. Hitimisho liwe azimio: nini kirekebishwe, kufikia lini. Hali ikishindikana kabisa, Baraza linaweza kuazimia kwamba haliridhiki na kupeleka azimio hilo kwa Mkuu wa Mkoa na OR-TAMISEMI pamoja na ushahidi. Uamuzi ni wa mamlaka ya uteuzi, na ushahidi wenu ndio utakaolitofautisha azimio hilo na ugomvi wa posho.

Pakikwama

*Kabrasha linakuja usiku wa kuamkia kikao.* Pinga kwa Kanuni za Kudumu mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla agenda hazijathibitishwa. Ukishachangia agenda ya tatu ndipo ulalamike, umechelewa.

*Azimio halimo kwenye muhtasari, au limebadilishwa maneno.* Lirekebishe wakati wa kuthibitisha muhtasari. Ndiyo maana uliandika neno kwa neno kwenye kaunta buku.

*"Fedha za Serikali Kuu hazijaletwa."* Inawezekana ni kweli kabisa. Omba barua za kuomba fedha na tarehe zake. Aliyeandika barua na kufuatilia hana kosa, tofauti na aliyekaa kimya miezi sita.

*Mkurugenzi amehamishwa katikati ya mwaka.* Hutokea sana. Karatasi yako inapima ofisi, kwa hiyo inaendelea. Mpe mpya nakala wiki ya kwanza, na umwombe aseme yapi atayamaliza kufikia Juni.

*Wenzako wa chama wanakuambia usiulize.* Uliza kwa swali la maandishi lenye namba tupu, bila kivumishi hata kimoja. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba anahujumu chama kwa kuuliza vizimba vingapi vimejengwa.

*Wananchi wanasema hujafanya kitu.* Bandika kwenye ofisi ya kata orodha ya miradi ya kata, kiasi kilichopitishwa, kilichofika na hatua iliyofikiwa, na uibadilishe kila robo mwaka. Vikao vya Baraza viko wazi kwa umma: watangazie tarehe, waje wakae nyuma wasikilize. Mkutano wa mtaa unaofuata, wenye maswali makali watakuwa ni hao waliohudhuria.